Doa Chini ya Tumbo la Ndege

Mzee Tadeo Bura alikufa akiwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Kifua kilikuwa kimelalia meza, mkono wa kushoto ukining'inia. Damu ilikuwa imetoka kisogoni, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye gazeti alilotandika ili meza isichafuke. Mbele ya kichwa chake, juu ya kibao, palikuwa na ndege ndogo ya kivita ya plastiki, urefu wake kama rula ya shule.

Ndege yenyewe haikuwa na tone la damu hata moja.

"Ajabu hii," alisema Sajini Wolfgang, akainyakua ndege kwa tumbo kama mtu anayeokota embe.

"Wolfgang! Glavu!"

"Ninazo, afande." Alizionyesha. Kwenye vidole vya glavu ya kulia palikuwa na rangi ya kijivu, mbichi kabisa.

Inspekta Naiputa Sayialel alimtazama kwa jicho ambalo askari wote wa upelelezi pale Babati walikuwa wanalijua. Alikuwa mwanamke mrefu wa Simanjiro, miaka thelathini na sita, mpole kwa raia na mkali kwa wazembe. Siku ile, saa nane na nusu mchana wa Jumamosi, alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu asubuhi, kwa hiyo upole wenyewe ulikuwa wa kukopa.

"Irudishe ulipoitoa. Usiguse kitu tena mpaka mpiga picha amalize. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

Karakana ya marehemu ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, hapo Maisaka, cha tofali za kuchoma, na dirisha moja linaloangalia migomba. Mlango haukuvunjwa. Simu ilikuwa mezani, redio dirishani. Mwizi asingeviacha vitu hivyo. Angebeba mpaka miwani.

Ukutani kulikuwa na ubao mweupe wa zana. Kila zana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, na kila moja ilitundikwa juu ya umbo lake: koleo juu ya koleo, bisibisi juu ya bisibisi, nyundo juu ya nyundo. Hakuna iliyokosekana. Naiputa aliisogelea nyundo, akaimulika kwa tochi ya simu. Chuma kilikuwa kimefutwa kwa kitambaa. Lakini pale mpini unapoingilia, ulikuwa umenasa unywele mmoja mweupe, na damu iliyoganda.

"Wolfgang, mtu akimuua mwenzake kwa nyundo, nyundo anaipeleka wapi?"

"Anaitupa, afande. Chooni, kisimani, popote."

"Huyu ameifuta, akaitundika mahali pake."

"Basi ni mwendawazimu."

"Sidhani. Njoo uone hapa."

Kwenye gazeti, kando ya kichwa cha marehemu, palikuwa na tone la rangi ya kijivu. Lilikuwa dogo, kama punje ya mtama. Halikudondokea kwenye karatasi. Lilidondokea juu ya damu.

Wolfgang aliinama, akalitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, ila akili yake ilichelewa kuwaka, kama pikipiki ya asubuhi ya baridi.

"Damu chini, rangi juu," alisema polepole. "Kwa hiyo aliua kwanza, halafu akakaa akapaka rangi?"

"Akapaka, akafunga kopo, akaosha brashi kwa thina, akaisimamisha kwenye kikombe, manyoya juu. Ona ncha yake ilivyo kali."

"Toba!"

Daktari alifika, akapima, akavua glavu. "Pigo moja zito, kutoka nyuma," alisema. "Mzee alikuwa amekaa, mpigaji amesimama. Hakuna dalili ya kujitetea. Kwa makadirio ni kati ya saa tano na saa saba mchana."

"Yaani alimpa mgongo."

"Alimpa mgongo, na hakuwa na wasiwasi naye."

Walimbeba Mzee Tadeo kwenda chumba cha maiti. Miwani zote mbili ziliingizwa kwenye bahasha ya vielelezo.

*

Mjane, Wilhelmina, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Basil, alikuwa barazani, amezungukwa na wanawake wa jumuiya. Asubuhi alikwenda kwenye sala, akapitia sokoni, akarudi saa nane kasoro akiwa na kabichi mkononi. Kabichi lilikuwa bado pembeni yake. Hakuna aliyethubutu kulihamisha.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Uliza tu, usiogope. Nikikaa kimya ndiyo nitakufa."

"Ile ndege mezani, mama. Ni ya nini?"

"Ile ndege!" Mama Basil alitikisa kichwa. "Basil, mwanetu, yuko Ujerumani. Alimtumia baba yake boksi la vipande mwaka jana. Miezi mitatu anaunga, miezi mitano anaichakaza."

"Anaichakaza?"

"Ndiyo. Anaipaka rangi vizuri, halafu anaiharibu. Anamwagia chumvi, anapaka rangi juu ya chumvi, ikikauka anaikwangua chumvi, rangi inabaki imebanduka-banduka kama bati la zamani. Vumbi la barabarani analichunga kwa soksi yangu ya kanisani, analipaka kwenye magurudumu. Masizi ya koroboi anaweka nyuma, moshi unakotokea. Nikamwambia, Baba Basil, nyumba nzima hii imechakaa bila kufundishwa, wewe unakaa unachakaza kitu kipya! Akacheka. Akasema ndege isiyo na uchafu haijawahi kuruka." Alianza kulia. "Alikuwa fundi wa ndege jeshini, mwanangu. Kitu kingine hakukijua. Hata kuku hakuweza kuchinja."

"Nani alikuwa anamtembelea huko karakana?"

"Nani aje? Mzee Rogath tu, walikuwa jeshini pamoja. Na mwalimu Martha wa Singe. Ndege yenyewe ni ya Martha. Kesho baada ya misa alikuwa aje kuichukua."

Kama aliyeitwa, Martha Gwandu alikuwa anaingia uani, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, amekaribia miaka arobaini na mitatu. Wolfgang alimnong'oneza Naiputa sikioni: namba ya mwisho kwenye simu ya marehemu ni ya huyu.

Walimpeleka pembeni, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Jana usiku ulizungumza na Mzee Tadeo."

"Alinipigia. Alifurahi, ndege imekwisha."

"Leo kati ya saa tano na saa saba ulikuwa wapi?"

"Shuleni. Tuna darasa la saba la ziada, wanafunzi arobaini na moja. Waulizeni."

"Kwa nini akutengenezee ndege wewe?" aliuliza Wolfgang kwa sauti ya kukaza. "Wewe ni mtoto mdogo?"

Martha hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekwisha kuulizwa mabaya zaidi.

"Baba yangu alikuwa rubani. Luteni Paskali Gwandu. Mwaka themanini na sita alianguka na ndege kwenye mazoezi. Mimi nilikuwa na miaka minne. Barua iliyokuja nyumbani ilisema uzembe wa rubani, alikuwa amekunywa. Mama aliapa mpaka anaingia kaburini, mwaka jana, kwamba mume wake hakuwahi kuionja pombe. Nani atamsikiliza mjane? Barua ina muhuri. Shuleni waliniita mtoto wa gongo. Nilipotaka kuolewa mara ya kwanza, upande wa mwanaume walikataa, wakasema ukoo huo una ulevi." Alijifuta jasho. "Afande, natafuta kitu kimoja tu duniani. Karatasi nyingine. Karatasi yenye sahihi ya mtu, inayosema hakuwa yeye."

"Na Mzee Tadeo alikuwa anajua?"

"Alikuwa likizo siku ile, kwao Mutuka. Kila nilipomuuliza alisema, sijui mwanangu, sikuwepo. Mwishoni akaniambia, jibu sina, ila nitakutengenezea ndege ya baba yako kama ilivyokuwa. Ndiyo hiyo."

"Nani alikuwepo siku ile?"

"Mzee Rogath. Yeye ndiye aliyekuwa zamu. Tangu nikiwa msichana jibu lake ni moja: mwanangu, baba yako alikuwa ananuka pombe asubuhi ile, nilimsikia kwa pua yangu."

Alifungua simu, akawaonyesha picha ambazo Mzee Tadeo alimtumia kwa WhatsApp usiku uliopita. Ndege kwa mbele. Ndege kwa ubavu. Ndege imegeuzwa, tumbo juu. Chini ya tumbo, upande wa kushoto, palikuwa na doa jekundu linaloelekea kahawia, limechuruzika kurudi nyuma. Chini ya picha mzee aliandika: *Nimeweka na madoa yote. Kesho Rogath anakuja kuikagua, keshokutwa njoo uichukue.*

Naiputa alirudi karakana. Aliinama, akachungulia ndege kwa chini. Tumbo lilikuwa la kijivu tupu, na alama za vidole vya Wolfgang. Doa halikuwepo.

*

Mzee Rogath Amsi hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa uani pale pale, anapanga mabenchi ya wafiwa. Miaka sitini na tisa, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi, masharubu meupe yamekatwa sawasawa. Ndiye aliyekuwa amepiga simu kwa padre. Ndiye aliyekuwa ameagiza turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

"Tumekwama, mzee. Pale ndani kuna mambo ya kifundi, na fundi wa ndege Babati nzima umebaki wewe. Utusaidie."

"Kwa Tadeo nitafanya lolote."

Waliingia. Macho yake yalikwepa kiti.

"Mara ya mwisho ulimwona lini marehemu?"

"Jumapili. Kanisani."

"Leo hukupita hapa?"

"Leo nilikuwa shambani, Singe. Habari nimeletewa huko huko."

"Huu ubao wa zana ni wa nini?"

"Ah, huo ni wa jeshini." Sauti yake ilipata nguvu. "Ukimaliza kazi kwenye ndege, kila zana inarudi kwenye picha yake. Ukiona picha tupu, ndege hairuki. Bisibisi moja ikisahaulika ndani, mtu anakufa."

"Hata ukiwa na haraka?"

"Hata nyumba ikiwaka moto."

"Hebu itazame ndege. Ishike tu, imekwisha pigwa picha."

Mzee Rogath aliichukua kwa vidole viwili vya kila mkono, pua na mkia, tumbo likabaki hewani. Wolfgang, aliyeishika kwa kiganja, alijitazama mkono.

"Mbona unaishika hivyo?"

"Ndivyo inavyoshikwa, ikiwa rangi mbichi."

"Ni mbichi?"

Mzee aliirudisha kwenye kibao. "Nadhani. Inang'aa."

"Na hii brashi, mzee. Tumeshindwa kuelewa. Mtu anafanyaje mpaka ncha iwe kali namna hii?"

Swali lilikuwa dogo, na ufundi ni ugonjwa. Mzee Rogath aliipokea brashi mpya aliyopewa, akaichovya kwenye maji, akaipitisha katikati ya midomo yake huku akiizungusha. Ilitoka imechongoka kama sindano.

"Brashi isiyo na ncha ni ufagio," alisema. "Tadeo alikuwa anatumia kitambaa, mimi nilimcheka miaka yote."

"Nakushukuru, mzee." Naiputa alimsogelea karibu. "Sasa niambie. Hiyo rangi ya kijivu kwenye masharubu yako, hapo chini kulia, umeitoa shamba gani?"

Mkono wa mzee ulipanda mdomoni, ukagusa, ukashuka. Mikono aliiosha kwa petroli, ilinuka. Masharubu hakuyakumbuka.

"Rogath Amsi, nakukamata kwa tuhuma za mauaji ya Tadeo Bura. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani."

"Niruhusu nimalizie mabenchi," alisema Mzee Rogath.

"Wataendelea wengine."

*

Kituoni alikataa wakili. Alikataa ndugu. Alikubali chai, akaiacha ipoe. Naiputa alimsomea onyo mara ya pili, akaandika saa: kumi na dakika tano. Dirishani lilionekana benchi la nje, na juu yake Martha. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe, akakaa.

"Uliingia kwa Mzee Tadeo saa ngapi?"

"Saa sita kasoro."

"Mligombana?"

"Hapana."

"Ulimchukia?"

"Tadeo?" Mzee alishangaa kweli. "Tadeo alinibeba mgongoni nilipougua malaria kambini. Mke wangu alipokufa, alilala sebuleni kwangu siku tisa."

"Basi kwa nini?"

Mzee alikizungusha kikombe cha chai.

"Kwa nini uliirudisha nyundo, mzee?"

"Zana haiachwi nje," alisema. "Inspekta, nimeua. Andika. Nilimpiga Tadeo kwa nyundo yake. Andika hivyo."

Aliandika. "Endelea."

"Alinipa ndege niikague. Alikuwa anatania, kama zamani kambini. Akaigeuza tumbo juu. Akasema, mkaguzi, unaona nini hapa? Nikaona doa. Jekundu, upande wa kushoto, chini ya kifuniko kile kile. Lilikuwa pale pale, kwa urefu ule ule. Miaka thelathini na nane nilikuwa nasubiri mtu aniulize swali hilo. Nikamwangalia usoni. Anacheka. Akasema, kesho namkabidhi Martha, atafurahi. Akageuka kutafuta brashi."

"Doa la nini?"

Mzee Rogath alikunywa chai iliyopoa, yote, kwa mara moja.

"Mafuta ya haidroliki ni mekundu. Ndiyo yanayosukuma usukani. Yakivuja yote, usukani unakuwa chuma, rubani hata avute kwa miguu haugeuki. Jioni kabla ya siku ile nilifunga bomba. Nati niliikaza kwa mkono. Bado spana, na bado ule waya wa kuizuia isilegee. Gari la mjini lilikuwa linaondoka. Nikajisemea nitamalizia asubuhi, nikasaini fomu kabisa ili kesho nisisumbuliwe. Asubuhi wakabadilisha ratiba, ndege ya Paskali ikatoka kwanza. Nimesimama pembeni ya njia. Inapita mbele yangu, naona tumbo lake linachuruzika wekundu." Aliinua mkono wa kulia, akaushusha. "Ningeinua mkono hivi tu, ingesimama. Nilifikiria sahihi yangu. Nikasema labda itahimili, ni safari fupi. Paskali akanipungia."

Naiputa alikuwa anaandika haraka, mkono unamuuma. Hakuthubutu kuinua kichwa.

"Na pombe?"

"Baraza la uchunguzi waliniuliza kama niliona jambo lisilo la kawaida. Nikasema alinuka pombe. Neno moja. Sikujua kama neno moja linaweza kuishi miaka yote hii."

"Hakunywa?"

"Paskali? Soda tu. Tulimtania."

Karatasi ya tatu ilijaa. Kilichobaki ni kumsomea na yeye aweke sahihi kila ukurasa. Naiputa alimtazama Martha dirishani. Karatasi ilikuwa mezani. Karatasi yenyewe.

Mlango ukagongwa. Wolfgang aliingia na boksi la vielelezo kutoka karakana, na orodha ya kusaini. Juu kabisa palikuwa na kijitabu cha maelekezo kilichokuja na vipande vya ndege, cha lugha ya kigeni, picha tupu kila ukurasa. Naiputa alikifungua kwa mazoea tu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kuchakaza. Mshale huu masizi, mshale ule vumbi. Na pale chini ya tumbo, upande wa kushoto, mshale ulionyesha doa jekundu linalochuruzika. Kando yake Mzee Tadeo aliandika kwa penseli: *Sijui kwa nini wameweka doa hapa, lakini linapendeza. Nifuate picha.*

Alimtoa Wolfgang kwa ishara ya kichwa.

Tuseme ukweli wote, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakujificha. Angeweza kukifunga kile kijitabu. Angeweza kusoma maelezo kwanza, sahihi kwanza, mengine baadaye. Lakini hasira ilikuwa imempanda. Alimwona mzee huyu na shati lake la pasi, akamkumbuka mwalimu anayeitwa mtoto wa gongo, akataka kumuumiza. Akakisukuma kijitabu mbele yake.

"Soma, fundi."

Mzee Rogath alivaa miwani. Alitazama picha. Alisoma maandishi ya penseli, kidole kikifuata mstari. Akasoma tena. Kisha akatoa sauti ambayo Naiputa hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Hakujua?"

"Hakujua kitu. Alifuata picha. Ndege za aina hiyo zote huvuja hapo, ndiyo maana wamelichora. Umemuua rafiki yako bure."

"Tadeo wangu! Mungu wangu, Tadeo wangu!" Alilia, uso juu ya meza, mabega yakiruka. Alilia kwa muda mrefu na Naiputa alimwacha. Alifikiri ameshinda.

Kilio kikakatika. Mzee akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, lakini ndani yake fundi alikuwa amerudi kazini.

"Kwa hiyo hakuna mwingine anayejua."

Naiputa alizivuta karatasi upande wake.

"Mimi najua. Umeniambia."

"Nisomee niliyosema."

Sheria ni sheria. Alimsomea. Alipofika kwenye mafuta mekundu, mzee aliinua mkono.

"Hapo futa. Mpaka mwisho."

"Umeyasema mwenyewe, mzee."

"Nimeyasema, nayakataa. Maelezo ni yangu, nina haki ya kuyasahihisha. Andika: tulibishana kuhusu rangi ya tumbo la ndege, nikapandwa na hasira, nikampiga. Hapo nitasaini hata mara kumi."

"Utanyongwa kwa hayo hayo! Sasa yale mengine yanakuongezea nini?"

"Kunyongwa nimekubali. Nimemuua Tadeo, ninyongwe." Alizungumza kwa utulivu wa kutisha. "Wanangu watasema baba aliua kwa hasira. Watu huua kwa hasira, wanasamehewa hata makaburini. Lakini fundi aliyesaini ndege mbovu, akaiona inavuja, akanyamaza? Hilo siliandiki. Hilo sitasaini."

"Martha yuko pale nje, mzee. Mtazame. Ana kosa gani hata abebe lako?"

Alitazama dirishani, kwa kweli alitazama.

"Martha amezoea," alisema.

*

Naiputa alitoka akakaa kwenye benchi. Alimweleza yote, neno kwa neno, nati, waya, mkono ambao haukuinuliwa, soda. Martha alisikiliza bila kupepesa. Mara moja tu alijishika mdomo.

"Amesaini?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Wa ubishi wa rangi tu. Ni kosa langu, mwalimu. Nilimwonyesha kitu ambacho sikupaswa kumwonyesha. Lakini nitaandika ripoti yangu mwenyewe. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Na yeye alinusa kwa pua yake," alisema Martha. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. "Ya yule waliyaandika."

Ripoti iliandikwa, kurasa tatu. Ilikwenda juu, ikarudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: haihusiani na shtaka. Nakala iliyopelekwa kwenye ofisi za jeshi ilijibiwa kwa adabu. Bila maelezo yaliyosainiwa na shahidi wa tukio, jalada la mwaka huo haliwezi kufunguliwa upya.

Miezi minne baadaye Mzee Rogath alisomewa maelezo ya kesi, kabla haijapelekwa Mahakama Kuu. Chumba kilijaa. Naiputa alisimama mlangoni. Martha alikuwa benchi la nyuma, peke yake.

Wakili wa serikali alisoma harakaharaka, kama mtu mwenye safari. "'Ndipo kukatokea ubishi kati yangu na marehemu, kuhusu rangi ya tumbo la ndege ya plastiki…'"

Watu wakacheka. Hakimu aligonga meza, wakajizuia, kicheko kikawatoka puani. Kizimbani Mzee Rogath alisimama wima, ameangalia mbele.

Mama mmoja mnene aliyechelewa kuingia alijipenyeza benchi la nyuma huku akijipepea na kanga.

"Watu wazima wanauana kwa mdoli!" alimnong'oneza Martha. "Pombe hiyo, mwanangu. Hawa wa ndege wote walikuwa walevi. Si kuna mmoja wa kwetu Singe alianguka nayo kalewa?"

"Nimesikia hivyo, mama," alisema Martha, akasogea ili yule mama apate nafasi ya kukaa.